Kidole Kimoja

Umeniuliza, Mangusho, kama zinafaa.
Keti. Kabla ya hizi, breki yangu ilikuwa kisigino.
Kutoka Kapkwai hadi chini Sipi
nimemaliza ndara nne, zote za mguu wa kulia;
wenzao wa kushoto wako uvunguni mwa kitanda,
wapya, wajane.

Waya zilikuwepo, sizisingizii.
Kiangazi zilishika.
Mvua ikifunga juu ya mlima zilianza siasa:
ziliahidi kwenye kona,
zikatekeleza mtoni.

Ndipo Musobo akaja na boksi kutoka Kampala,
jeupe, halina jina la kampuni, lina picha ya tai tu.
"Breki za mafuta," akasema,
kwa sauti ya mtu anayetaja mchumba.
Laki mbili na nusu, mbele na nyuma.

Laki mbili na nusu!
Baiskeli nzima niliipata kwa laki tatu,
fremu imechomelewa shingoni,
tandiko limeshonwa kwa uzi wa gunia.
Ni kumvalisha punda saa ya mkononi.
Chelangat alikuwa anachagua kahawa, hakuinua kichwa.
"Zinalima?"
Hazilimi.
"Zinakamuliwa?"
Hapo sikujua kwamba jibu ni ndiyo.

Nilizifunga usiku, kwa mwanga wa simu,
asubuhi nikashuka na kilo sitini za buni.
Unajua tulivyozoea kubana: vidole vinne,
kama unamkaba mwizi,
na mwizi anakwenda zake.
Sasa kidole kimoja. Cha shahada.
Kama unamgusa mtu begani: ngoja kidogo.
Na mteremko mzima, na mzigo wake,
ukangoja.

Usitoe pesa bado.
Mwezi wa tatu mkono wa nyuma ulilainika
kama uji wa mgonjwa.
Fundi mmoja wa Mbale, bingwa wa pikipiki,
akanijazia mafuta ya pikipiki, bure, kwa wema.
Wema ule! Mipira ya ndani ikavimba,
pedi zikaikumbatia diski zisitake kuachana,
nami nikaikokota kutoka bondeni mpaka nyumbani,
gurudumu la nyuma limenuna njia nzima.
Mafuta yote huteleza, Mangusho;
si yote yanayoelewana.
Sasa nina chupa yangu ndogo, ya aina yake,
sindano naipata kwa muuza dawa za ng'ombe,
na kila miezi minne nazikamua hewa
povu likitoka punje kwa punje.
Chelangat hunishikia kurunzi.
Kazi hiyo ameipa jina: zizi.

Waya ukikatika, utaunga kwa waya wa uzio, uende.
Hizi zikivuja msituni
umebaki na kisigino.
Kwa hiyo ndara usitupe.

Tena kuna jambo boksi halikusema.
Juzi, kona ya chini ya Tegeres,
mtoto na dumu la maji katikati ya njia.
Nilisimama. Tairi likaligusa dumu, basi.
Yeye hata hakuruka. Alinitazama kwa lawama:
"Mbona leo hukulia?"

Kumbe miaka yote ile
mlio wa waya zangu ndio uliokuwa honi.
Mlima mzima ulinijua kwa kilio:
mama akivuta mbuzi wake pembeni,
wazee wakiinua miguu barazani,
na mimi nikidhani wananiheshimu.

Kengele ni elfu nane. Iongeze kwenye hesabu.

Mimi nisiulizwe tena; kiatu changu cha kulia
sasa kina soli.
Pita kesho nikuazime, ushuke mpaka darajani.
Kidole kimoja.
Vingine vishike usukani,
visiingilie.