Korija Tatu

Leo nimerudisha ufunguo wa chumba namba kumi na nne, Tunguu.
Mlinzi kanisainisha kwenye daftari la vifaa:
meza moja, viti viwili (kimoja kibovu), feni haizunguki.
Miaka thelathini na moja imeenea katika mstari mmoja.

"Profesa Raya Faki Sharifu," kasoma kwa sauti,
kama anayetafuta kosa la tahajia.

Wasifu wangu ulioko kwa mkuu wa idara unaanza na shahada.
Ni uongo wa adabu.
Mimi nimeanza na boriti.

Mwaka bei ya karafuu ilipoanguka, baba aliingia hori la Tumbe
na shoka la kuazima. Alikata mikandaa, akaihesabu kwa korija,
ishirini, ishirini, ishirini,
nyengine za kujengea, nyengine kuni za tanuu la chokaa.
Korija tatu kwa muhula: sare, madaftari, nauli ya meli kwenda Unguja.
Kila nilipofungua daftari jipya
pwani ilipata upara mpya.

Nikasoma. Nikapelekwa kwenye baridi,
nikafunzwa kuwauliza watu walioshiba:
uko tayari kulipa kiasi gani ili mkoko usikatwe?
Nikarudi Pemba na dodoso lile lile.
Bi Kazija Ussi aliacha kufunga mwani, akanitazama.
"Nimlipe nani, mwanangu? Mkoko hauna mkono wa kupokelea."
Nikaandika: *hakujibu.*

Hesabu zangu zilikuwa safi.
Kaa, mazalia ya samaki, mawimbi yanayovunjwa, hewa inayomezwa na matope,
nikajumlisha, kisha nikaipunguza kesho kwa asilimia kumi kila mwaka
kama tulivyofundishwa, eti mjukuu ana thamani ndogo kuliko babu yake.
Nikapata namba moja kwa hekta.
Niliitaja ili watu waogope.
Makala ile ilinipandisha cheo.

Hawakuogopa.
Alikuja mtu wa hoteli, makala yangu mkononi, imepigwa mistari ya njano,
akalipa namba ile ile, shilingi kwa shilingi,
akadai risiti.
Wiki tatu ilikuwa misumeno.
Halafu nikaalikwa kwenye uzinduzi, kiti cha mbele.

Nilikwenda. Hilo sijawahi kulichapisha.
Nilikula pweza.

Msimu uliofuata bamvua ikaingia kisimani kwa Bi Kazija.
Nilipomtembelea alinimiminia chai, akangoja ninywe.
Nikanywa chumvi mpaka kwenye majani.
"Na hii," akauliza, "uliitia kwenye namba yako?"

Tangu hapo nikawa profesa mbaya.
Nilikataa kazi za ushauri, nilichelewesha ripoti,
niligombana na wakubwa kwa kufundishia nje.
Maji yakipwa niliwapeleka wanafunzi matopeni, viatu mkononi:
haya, hesabuni mizizi.
Wanahesabu, wanapotea, wanaanza upya.
Aliyeleta jibu kamili nilimpa sifuri.
(Mbwana Silima alileta karatasi tupu yenye matope.
Naye nilimpa sifuri. Uvivu ni uvivu.)

Miche tuliyopanda, nusu ilikufa, mbuzi wakala iliyobaki karibu yote.
Uprofesa wenyewe ulikuja umechelewa, barua imekosewa jina.

Sasa nina kasha la vitabu,
kiinua mgongo kisichoinua hata bega,
na tiketi ya meli ya Jumamosi.
Baba hayupo wa kumrudishia.
Jana usiku nilifanya hesabu ya mwisho, kesho nikaiacha nzima:
korija tatu kwa muhula, mihula miwili, miaka sita.
Boriti mia saba na ishirini.
Mikoko iliyo hai kwa mkono wangu, arobaini na mmoja.

Mlinzi kauliza kama kuna kitu cha watu nilichobaki nacho.
Nikamwambia kipo. Mia sita sabini na tisa.

Kalamu yake ikatafuta safu ya kuandika.