Saba Kwenye Nafasi ya Tano

Mnadani Albany, meza ya tatu kutoka mlangoni,
katikati ya saa mbovu na vijiko vya fedha,
nilikiona: kimto cha kuchomekea sindano,
mahameli ya zambarau, imepauka
kama midomo wakati wa barafu,
na juu yake ndege amevimba kwa shanga,
mkia umenyofoka.
Kikaratasi kilisema: Kazi ya Wahindi Wekundu.
Mshonaji hajulikani.

Hajulikani!
Nikakigeuza tumbo juu. Fundo lilikuwepo,
limepigwa mara tatu na kulazwa kushoto.
Nilicheka hadi muuzaji akanitazama vibaya.
Hajulikani na nani?
Fundo hilo nimelifumua usiku mwingi
mezani pa jikoni, Kahnawake, nina miaka minane,
bibi yangu Warisose amenisimamia:
"Kushoto. Mama yangu alilaza kushoto. Fumua."

Lugha yetu haina sauti inayofunga midomo.
Hakuna ba, hakuna pa, hakuna ma;
hata mama tunamwita Ista, kinywa wazi.
Basi bibi aliweza kubana sindano menoni
na kunigombeza neno kwa neno
bila sindano kuanguka.

Ngozi ilikuwa ya mjomba Sawatis.
Wiki nzima alifunga vyuma Bruklini,
ghorofa ya arobaini, upepo ndani ya suruali;
Jumamosi alikuwa uani anakwangua kulungu,
anampaka ubongo wake mwenyewe,
anavuta, anavuta, mpaka ngozi ilegee kama sikio la mbwa.
Mwana wa mhunzi asiposana huvukuta:
siku nilizojichoma vidole nikasusa
nilitumwa nje kupulizia gogo lililooza,
moshi uipe ngozi rangi ya chai.
Jumatatu darasani walikunja pua.
Mimi nilinusa mikono yangu chini ya dawati, kwa siri,
kama mtu anayeficha peremende.

"Nafasi hii ni ya shanga ngapi?"
"Tano."
"Tunga saba."
"Hazitoshei, bibi."
"Ndiyo. Hazitoshei. Sasa vuta uzi."
Nikavuta. Mstari ukainuka,
mgongo wa paka aliyeamshwa.

Nyumba ilikuwa na vyumba viwili, sisi tulikuwa tisa.
Mto ulikuwa umesukumwa mbali, mfereji wa meli
ukapita pale wajomba walipojifunzia kuogelea.
Ningeweza kusema niliyawaza hayo, uzi mkononi.
Sikuyawaza. Niliwaza paka.

Nililipa dola themanini.
Mama yake bibi alikiuza kwa senti ishirini na tano
penye maporomoko ya Niagara,
kwa mabibi wenye miavuli waliotaka kitu cha kukumbuka maji.
Kitambaa cha chini kilipasuka nilipokifungua:
unga wa mbao ukamwagika mezani, mkavu, bado una harufu ya msonobari,
na ndani yake punje moja ya mahindi
ambayo sijui iliingiaje.
Niliirudisha.

Mwanangu Kahente alitaka kushona mkia.
Ana miaka minane, naye pia, na hana subira,
shanga zinamtoroka hadi chini ya friji.
Alitunga saba bila kuambiwa.
Alivuta, mkia ukasimama.
Kisha akapiga fundo, mara moja, mbili, tatu,
akalilaza kulia.
Anatumia mkono wa kushoto, mtoto huyu;
kwake kulia ndiko mkono unakokwenda wenyewe.

Nilimwona bibi mlangoni, au koti lake tu,
ambalo bado hatujalitoa msumarini.
Sindano ilikuwa menoni mwangu.
Ningeweza kulisema lile neno bila kuiangusha.

Nikamkatia uzi mwingine.