Kama 1931

Karani wa parokia ya Mukumu ananawa mikono kwanza,
anaifuta kwenye suruali, ndipo afungue daftari.
Kitabu kimekula chumvi. Mchwa walionja pembezoni
wakayaacha majina.

Nimetumwa tarehe. Saa kumi fundi Ambani anamimina saruji
juu ya nyanya; huandika kwa msumari ikiwa bado mbichi,
na jua la Khayega halimngojei mtu.

Kidole cha karani kinashuka, kinasimama:
Thecla, nata c. 1931, ex patre Shivachi, pagano.
"Hiyo c ni nini?"
"Circa. Kama hivi. Padre hakujua,
labda alikadiria kwa meno."

Kwa meno!
Kama fahali anayepigiwa bei mnadani.

Nyanya hakuwa na "kama hivi".
Alisema: nzige walikuwa wameondoka, majani ya muhogo hayajarudi,
wageni wanachekecha mchanga wa Isiukhu wakitafuta dhahabu,
na mama aliwauzia ndizi nami nikiwa tumboni,
kichane senti tano.
Tarehe yenye njaa ndani, na chenji.

Karani aliacha seminari mwaka wa tatu; Kilatini hakikumwacha.
Ananimiminia bila kuombwa: ante, kabla. Post, baada.
Obiit, aliaga, ingawa neno lenyewe, asema, ni kwenda kukutana.
Halafu floruit: huandikiwa mtu
asiyejulikana alizaliwa lini wala alikufa lini,
ila mwaka fulani alionekana. Alichanua.

Njia nzima ya kurudi nalitafuna hilo.
Alichanua lini Tekla Khasandi?
Mwaka aliomaliza deni la cherehani?
Au ule aliowashinda shemeji zake kesi ya mpaka,
akarudi kutoka korti ya Kakamega kwa miguu,
viatu mkononi visichakae,
akatupita uani bila salamu, akaanza kumenya viazi?
Nilikuwa na miaka sita. Saba.
Hakuna aliyeandika.

Saruji inashika. Ambani amepiga magoti, msumari juu.
"Mwaka?"
"Weka k, nukta, 1931."
"K ndiyo nini?"
"Kama."
Anaguna. Anaandika KAMA, herufi zote nne,
zinapanda kilima kidogo, kisha tarakimu.
"Huyu simkatizi," anasema. "Alinishonea kaptura ya shule
kwa mkopo. Na sijalipa."