Nusu ya Juu

Bauza la Nyaboke lilianza kugonga Jumanne.
Si kelele. Mlio mzito wa chini kwa chini,
kama mtu anayebisha nyumba aliyoambiwa ina watu.
Tupu, linanyamaza.
Likipanda Juja Road na lita elfu kumi mgongoni,
ndipo linasema.

Fundi Muthiani akaweka mpini wa bisibisi sikioni,
ncha kwenye chuma, akafumba macho:
"Beringi za kranki."

"Kwa hivyo mnashusha injini?"
Kuishusha ni siku nne, na winchi ya kukodi,
na Kayole mabomba yamekauka tangu mwezi jana.
"Hatushushi mama. Tutaingia kwa chini."

Tutaingia, alisema. Yeye ana kitambi,
mimi nina mbavu.
Nikaingia mimi.

Kariobangi, saa nne asubuhi, mgongo juu ya katoni,
oili nyeusi ikiteremka kwenye karai.
Nilichovya kidole: unga wa shaba, unametameta.
Sikujua kuharibika kuna mng'aro.

Sampu chini. Vifuniko vitano,
kila kimoja nimekipiga alama kwa patasi,
maana hakuna kinachokalia kiti cha mwenzake.
"Fungua kimoja kimoja," sauti ya Muthiani kutoka juu,
"ama kranki ije ikulalie kifuani,
nimweleze nini mamako?"

Nusu ya chini haina maneno.
Inadondoka kiganjani kama ukucha.

Ya juu!
Imejikunja nyuma ya kranki,
huioni, huishiki, nyundo haiifikii,
na ndiyo iliyobeba.

"Chukua pini. Igonge kichwa kiwe bapa.
Itumbukize kwenye tundu la oili.
Umetumbukiza? Sasa toa vidole."
Akatia spana kwenye puli akazungusha,
taratibu, kama anayegeuza mgonjwa kitandani,
na kranki yenyewe, ileile iliyokuwa ikiumia,
ikaisukuma beringi nje,
kijino kikitangulia.

Nilicheka peke yangu kule chini.
Oili ikaniingia mdomoni.

Mpya ikaingia kwa njia ileile, imepakwa oili.
Uzi wa kijani wa kupimia, kaza, fungua, tazama:
umelala upana wa punje ya ufuta.
Sawa. Uchomoe, paka oili, kaza tena, mpaka spana ya torki ilie tik.
Mara tano hivyo. Shingo yangu ilikufa kwenye ya tatu.

Jioni Nyaboke akawasha mwenyewe.
Taa nyekundu ya oili ikawaka,
ikasita
(hapo hakuna aliyepumua, hata kijana wa chai)
ikazima.

Akajaza maji, akapanda Juja Road, akarudi.
Hakushuka. Aliinamisha sikio kwenye usukani,
uso umekunjamana:
"Mbona haliniambii kitu?"