Gazeti Kitini

Kabla sijakaa, Lutego alitandika gazeti.
"Ngozi nyeupe hii, mama. Usinielewe vibaya."
Nilimwelewa vizuri. Nanuka Mwaloni:
mabondo ya sangara, miaka kumi na tisa.

Gari dogo, jeusi, la kifahari.
Mlango ukifungwa haubamizi,
unasema *mf*, kama mtu aliyeshiba.
Yapo mawili, akasema, sura moja, mioyo tofauti:
silinda nne yenye turbo, mnywaji wa kiasi,
na silinda sita, "hiyo ya waheshimiwa."

Hakujua nina mashine saba ziwani,
kila moja nguvu za farasi arobaini,
na alfajiri, nikiwa bado kitandani,
naitambua iliyo yangu kwa kikohozi
ikirudi toka Ukara.

Nikapanda Isamilo na ile ya silinda nne.
Turbo ikachelewa, kama mdaiwa anayetafuta viatu,
kisha ikatusukuma ghafla.
Gazeti likatetemeka chini yangu,
chwa-chwa-chwa, hadi kileleni.

Nikarudi, nikapanda na ya silinda sita.
Majabali yakapita, ziwa likachungulia,
gazeti kimya.

"Inakunywa lakini," Lutego akaonya,
akimwambia Bundala, dereva wangu wa kirikuu.

Nikazima. Nikasikiliza chuma kikipoa: tik, tik.
Nikauliza bei, nikaipunguza milioni tatu,
nikalikunja gazeti mara nne,
nikamrudishia.

"Kalia wewe. Suruali yako ina grisi."