Kifungu cha Pili: Tafsiri

Katika Sheria hii,
isipokuwa kama muktadha utahitaji vyenginevyo
(mstari huu umeshakuwa bismillahi yangu ya pili)
"skuli" maana yake ni pahala penye mwalimu,
paa, choo na kengele.

Kengele nikaifuta.
Maana ile kengele ya njia ya Mtambwe
ilikuwa ringi ya lori, imetundikwa mfenesini kwa waya,
na usiku wa kuamkia Jumatano
Shaame Kombo Faki, miaka kumi na mitatu, darasa la sita,
aliupanda mfenesi, akaishusha,
akaibingirisha kama watoto wanavyobingirisha ringi
mpaka kwa mnunuzi wa vyuma chakavu.
Shilingi elfu saba.
Madaftari matatu na mnyiri wa pweza.
Koplo ameuandika ule mnyiri kwa uangalifu
kuliko jina la mtoto:
"wa kukaanga, na pilipili."

Asubuhi skuli haikujua kama kumekucha.
Mwalimu Salhina alipiga makofi.
Kamati ikakutana, ikamfukuza kabla ya chai;
kituo cha polisi kikampokea kabla ya adhuhuri.
Njia ile ni fupi, haina hata tuta.
Mimi nalipwa kuweka tuta.

Sisi huku jela hatuiiti jela.
Twaiita Chuo cha Mafunzo,
na waliomo ndani twawaita wanafunzi.
Juzi, hapa Madungu, niliiamrisha kompyuta
initafutie neno "mwanafunzi" katika rasimu yote:
ikaniletea wawili wawili,
wa dawati na wa seli,
wamevikwa rangi moja ya njano,
nisijue nimfute yupi.

Kifungu cha kumi na nne nilikiandika nina udhu:
*Mtoto hatashitakiwa mahakamani
kwa kosa alilolitenda skulini.*
Kifupi. Kinasomeka kwa pumzi moja.
Kikaenda Unguja kwa boti, ndani ya bahasha ya kaki,
kikarudi kina mkia.
Mkurugenzi Mselem, kwa wino mwekundu:
*isipokuwa pale kosa hilo litakapohusu mali ya Serikali.*

Isipokuwa!
Neno hili huuacha mlango wa mbele
na kufuli lake la shaba,
likawapitisha watu uani.
Nikapekua jalada: ringi ilitoka kwenye lori la Wizara,
kwa hiyo ringi ni Serikali,
kutu yake ni Serikali,
na Shaame anapitishwa uani, ameshikwa mkono.

Umeme ukakatika. Nikakaa na giza na joto.
Nikaikumbuka chaki.
Darasa la nne niliiba vijiti vitano, vya rangi.
Bibi Zuwena akanivuta sikio, akanipa kifutio,
akasema: futa ubao, kisha kaa kitako, tuna hesabu.
Ndiyo sheria yote niijuayo.
Nimeijaribu mara tisa, haikubali kuwa kifungu.
Natafuta pa kulitia lile sikio.

Umeme uliporudi sikuligusa "isipokuwa" la mkubwa.
Nilirudi kifungu cha pili, asikokusoma mtu,
na baina ya "Mahakama" na "Mdhamini"
nikapenyeza:
*"mali ya Serikali" haijumuishi kitu chakavu
kinachoning'inia mtini.*

Najua. Watacheka Barazani, au hawatakiona.
Bahasha imeondoka na boti ya asubuhi.
Shaame bado yuko nje ya uzio, na madaftari yake matatu;
moja ameshaanza kuliandika, sijui nini.
Mwalimu Salhina siku hizi anagonga sufuria.