Hayumo Kwenye Kasha

Kibandani kwa Nasibu, Keko Magurumbasi,
tulitoa mia mbili tumtazame punda.
Punda wa kawaida, ana kidonda begani,
kauzwa kulipa deni, sasa anarudi kwa miguu.

Nasibu alitafsiri kwa kipaza sauti chenye kutu:
"Hapa anasema, mama, kwato zinaniuma."
Punda hakusema lolote. Tuliamini.
Bi Siwatu, muuza mihogo, alifuta macho
kwa ncha ya khanga, akasingizia moshi.

Kisha pale mtoni, bila muziki, bila radi,
akashuka farasi mweupe
mwenye pembe moja katikati ya paji.
Akanywa. Akamtazama punda.
Akaenda zake.

Kipaza sauti kikakoroma.
"Huyu..." akasema Nasibu, akageuza kasha,
akalisoma mbele na nyuma kwa tochi,
"huyu hayumo kwenye kasha."

Wanaume wakadai hela zao:
picha ya kweli imetiwa uongo!
Bi Siwatu akauliza tu,
"Punda kamwona?"
"Kamwona."
"Basi."

Umeme ukakatika kabla ya mwisho.
Mpaka leo sijui kama punda alifika,
ila nasikia bado, gizani,
Nasibu akitafuta jina.